Atakayesema Kwanza

Machi 6

Kwa kuwa sisemi, nitaandika. Mdomo umenuna lakini mkono haujanuna, na daftari hili nililonunua kwa ajili ya vipimo vya wateja lina kurasa nyingi tupu kuliko wateja wenyewe.

Tumeanza tena, mimi na Fundi. Kisa ni jirani wa nyumba ya pili. Jana bomba lake lilipasuka, maji yakamfuata hadi chumbani. Alikuja mbio, sketi imelowa mpaka magotini, akamwomba mume wangu aende akamsaidie. Mume wangu ni fundi bomba. Mtaa huu mzima unakunywa maji yaliyopitia mikononi mwake. "Sawa," akasema, na hakuinuka. Jirani akangoja mlangoni. Mimi nikangoja. Yeye akaendelea kutazama ukuta. Basi nikamkemea mbele ya mgeni, tena kwa sauti: "Fundi, umeota mizizi?" Hakujibu. Jirani alikwenda kutafuta fundi mwingine, na tangu hapo bwana huyu hajanisemesha.

Kumkemea mume mbele ya watu si adabu, najua. Lakini kumwacha mwanamke wa watu aogelee chumbani kwake nayo ni adabu gani? Sisemi kwanza. Ng'o.

Machi 8

Nieleze sheria zetu, maana zimedumu kuliko kochi tulilooana nalo.

Katika nyumba hii hatutukanani wala hatupigani. Tunanuna. Atakayesema kwanza ndiye aliyeshindwa. Aliyeshindwa hupika chai, huibeba mwenyewe hadi alipo mshindi, huiweka chini na kusema, "Nimeshindwa." Mshindi hujibu, "Keti basi." Kisha huongeza jina. Mimi humwita Fundi kama ulimwengu mzima. Yeye huniita Bi Vifungo, kwa sababu ya vifungo vya sare za shule ninazoshona, ambavyo humchoma miguuni kila akivua viatu. Tukiketi tunakunywa, na neno lililotugombanisha halirudiwi tena.

Watoto wetu walikua wakiwa matarishi. "Mwambie baba yako chumvi iko mbele yake." "Mwambie mama yako nimeiona." Mimi ndiye bingwa. Fundi hawezi kununa. Atapiga mluzi, atagonga gonga ukuta, atazungumza na redio. Safari moja alisema usingizini, nami nikadai ushindi asubuhi. Alibisha mpaka chai ikapoa.

Machi 11

Mvua zimeanza. Yeye bado.

Machi 14

Koki ya jikoni imeanza kudondosha. Tone, tone, tone. Nimefurahi kama mtu aliyeletewa askari wa kumsaidia. Fundi na tone la maji hawakai nyumba moja. Tulipoalikwa harusi ya mwana wa bosi wake, aliinuka katikati ya hotuba ya bwana harusi, akaenda kukaza koki ya msalani kwa watu, akarudi na mikono inachuruzika, amani imemjaa usoni.

Kesho atavunjika.

Machi 15

Hakuvunjika. Kavuta kiti, kakaa palepale jikoni, hatua tatu kutoka kwenye koki, amekula jiwe. Alipotoka kwenda kulala, niliilegeza kidogo kwa mkono wangu ili ipige kelele zaidi.

Machi 19

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nangoja mshindo.

Machi 20

Tone, tone.

Machi 23

Kaka yake amekuja. Shemeji huyu ni mtu wa maneno. Akiingia ndani hata paka hutoka. Alimkuta mdogo wake na ndevu za wiki nzima, shati lilelile la kijani, macho kwenye ukuta.

"Mdogo wangu, unafuga ndevu au zimejifuga?"

Fundi akatabasamu kidogo, kwa adabu tu, kama mtu anayemtabasamia karani wa benki.

"Mvua hii, mabomba ya mji mzima yanapasuka, na wewe umekaa! Uvivu wa uzeeni ni mbaya, ukiingia hautoki. Shemeji, wewe umemdekeza huyu."

Nilimjibu kwamba mimi na mdogo wake kwa sasa hatuna mawasiliano, kama ana malalamiko ayapeleke mwenyewe. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikereka. Tabasamu lile ndilo alilonipa na mimi jana nilipompakulia chakula. Sasa mtu aliyenuna anatabasamu kwa nini? Nikajiambia kwamba ni mbinu mpya. Anajifanya hamnazo.

Machi 28

Nitaandika polepole.

Leo asubuhi nilikwenda kununua uzi na zipu. Nilimwacha kwenye kiti chake, nilichokuwa nimekisogeza sebuleni kwa sababu jikoni kuna giza. Mvua ilinikuta dukani, mvua ya kupiga mabati kama ina kisasi nayo. Nikajibanza hadi ikapungua. Niliporudi nilisikia maji kabla sijafungua mlango.

Dari ya sebule ilikuwa imepasuka kwenye kona, maji yanashuka kama koki iliyofunguliwa. Yanashuka juu yake. Kiti kiko chini ya tundu hasa, na yeye amekaa juu ya kiti. Maji yanampiga begani, yanamshuka kifuani, yamejaa kwenye mapaja na viatu. Angesogea kidogo tu kushoto yasingemfikia. Alikuwa anatetemeka kwa baridi na hakuhama.

Nikasahau sheria zote.

"Fundi! Mbona huhami?"

Akanitazama. Sikuona hasira. Nilitafuta hata chembe ya hasira machoni mwake, nisiione.

"Sijui," akasema.

"Huoni unalowa?"

"Naona."

Nikamvuta mkono, akainuka bila tabu yoyote. Nilimvua nguo, nikamkausha kama mtoto, nikamvika sweta langu kwa kuwa lilikuwa karibu. Alifuata kila nililomwambia. Inua mkono, akainua. Kaa, akakaa. Nikapiga magoti mbele yake nikamuuliza lile swali ambalo katika miaka yote ya ndoa hatujawahi kuulizana.

"Umeninunia?"

Alifikiri. Ilimchukua muda.

"Nikununie nini?"

"Nilikukemea mbele ya jirani."

"Lini?"

Niliweka ndoo chini ya tundu, nikakaa sakafuni kando yake. Hakukuwa na vita. Wiki zote hizi nimekuwa nikipigana peke yangu na mtu ambaye hakujua kwamba tunapigana. Nimemnyima neno, na yeye hakuona kwamba amenyimwa. Nimeula wa chuya.

Aprili 2

Binti yetu, kitinda mimba, amekuja kutoka kazini kwake. Ni mfamasia, hana mchezo. Alimuuliza baba yake anapenda kufanya nini leo. "Chochote." Anataka kula nini? "Chochote." Anataka aimbiwe au apigwe? "Chochote." Binti alitoka nje akasimama kwenye mvua bila mwavuli.

"Mama, hii imeanza lini?"

Nilivyokuwa nikihesabu, ilianza na bomba la jirani. Lakini nikirudi nyuma naona mambo. Kabla ya mwaka mpya aliacha mluzi. Kabla ya hapo aliacha kubishana na redio. Nilishukuru Mungu kwa utulivu ule.

Aprili 9

Hospitali. Maswali mengi. Leo tarehe ngapi, taja wanyama, chora saa. Aliichora saa vizuri, akaacha mishale. Daktari wa ubongo, mwanamke mdogo kuliko binti yangu, akamwambia, "Mzee, weka mishale." Akaiweka, na ilikuwa sahihi. Daktari aliitazama saa ile kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Aprili 10

Nguo za wanafunzi zimerundikana. Sijashona hata mkono mmoja.

Aprili 16

Siku ya MRI, ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ubongo. Mpiga picha, kijana mwenye sauti ya upole, aliuliza kama Mzee ana chuma chochote mwilini. Nikamwambia chuma pekee alicho nacho ni ukaidi, na hata huo sijauona siku nyingi. Akacheka, akamvua saa na mkanda.

Nilimtazama kupitia dirisha la kioo. Walimlaza, wakamfunika kichwa kwa kitu kama kikapu, wakamsukuma ndani mpaka zikabaki nyayo tu. Mashine ikaanza kugonga, kama mafundi kumi wanagonga mabati bila kupatana. Nyayo hazikucheza. Huyu ni mtu ambaye misibani alitikisa mguu mpaka benchi zima likatikisika, mpaka nikawa namkanyaga makusudi ili atulie.

Ilipokwisha, kijana alitoka anatabasamu. "Mama, laiti wagonjwa wote wangekuwa kama Mzee! Wengine tunarudia mara mbili, mara tatu, wanatikisika. Yeye hata kidole. Picha zimetoka safi kabisa."

Mke anapaswa kufurahi mumewe akisifiwa. Nilikwenda msalani nikalia, nikanawa uso, na koki yao ilikuwa inadondosha. Niliporudi kwenye korido nilimwambia, kwa majaribio, "Fundi, koki ya humo inadondosha." Akasema, "Ehe."

Aprili 17

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Aprili 24

Tulikaa watatu upande mmoja wa meza, mimi, Fundi na binti. Daktari aligeuza kioo cha kompyuta ili tuone. Sikuwahi kufikiri kwamba nitauona ubongo wa mume wangu. Ni wa kijivu, una mikunjo, na kwa mbele, katikati, mikunjo imeachana na kati yake kuna weusi mwingi.

"Watu wanadhani ugonjwa huu wa akili kuchakaa huanza na kusahau," akasema. "Kuna wanaoanza hivi, kwa kutojali. Hapa mbele, katikati, ndipo panapomsukuma mtu. Ukisikia kiu, hapa ndipo panapokwambia inuka ukachote maji. Pake pamesinyaa. Kiu anaisikia, Mama. Kuinuka ndiko kusikokuja."

"Si huzuni?" binti akauliza. "Kwa huzuni kuna dawa."

"Nimeliangalia hilo. Mwenye huzuni anaumia. Baba haumii."

Alilisema kama faraja. Mimi ningependa angalau aumie kidogo.

Nikauliza kwa lugha ya nyumbani kwangu. "Yaani mabomba ni mazima, maji yamo tangini, pampu ndiyo haisukumi?"

"Karibu na hivyo. Ila sitakudanganya, Mama. Tangi nalo litaendelea kupungua."

Nilimgeukia Fundi. Maisha yake yote hakuweza kusikia mtu akizungumzia pampu bila kumsahihisha. Aliwahi kumsahihisha mhubiri. Nilimtazama nikingoja aseme kwamba nimekosea, kwamba pampu haikai pale. Alikuwa anatazama kona ya meza.

Basi nikauliza lile nililokuwa nimekwenda nalo. Binti alinishika mkono kunizuia, nikautoa.

"Daktari, bado ananipenda?"

"Picha haionyeshi hilo, Mama."

"Sasa inaonyesha nini?"

"Inaonyesha kwamba hata kama mapenzi yapo, hatainuka mwenyewe kuja kukwambia. Itabidi umwanze wewe."

"Leo?"

"Kila siku."

Aprili 25

Mimi. Bingwa.

Aprili 29

Nina hasira na sina wa kumkasirikia. Neno la kuombwa si neno. Ukimwambia mtu "niambie unanipenda" naye akakwambia, umepata nini? Umejisikia mwenyewe kwa sauti ya mwingine. Nataka moja tu, moja la kwake, litoke bila kuvutwa. Likitoka hilo, nitampikia chai mpaka siku ya kufa.

Mei 1

Nimenyamaza tangu asubuhi, ili nione. Nilimwekea chakula mbele yake, sikusema kitu. Machi alikuwa bado akikiona anakula bila kuambiwa. Saa sita kipo. Saa tisa kipo, kimeota utando. Jioni binti akapiga simu, nikamweleza. Akanigombeza kama mimi ndiye mtoto.

"Mama, mgonjwa haulizwi uji! Unamtega mtu asiye na miguu umwone kama atakimbia?"

Nikakata simu. Nikapasha chakula. "Kula," nikamwambia. Akala chote, mpaka akakwangua sahani. Alikuwa na njaa siku nzima. Nilimtazama akila, nikajichukia.

Mei 8

Shemeji amekuja tena, mara hii bila kelele. Binti alikuwa amemweleza. Nilijiandaa kwa mahubiri yake ya uvivu, jibu langu lilikuwa limeiva kabisa. Hakuhubiri. Alitoa mfukoni wembe mpya na sabuni, akaomba maji ya moto, akamnyoa mdogo wake ndevu. "Inua kidevu, mdogo wangu. Geuka huku. Jaza shavu." Alimnyoa vizuri, bila kumkata, anampangusa kwa kitambaa kila mara. Kumbe mikono ya mtu yule ina upole ambao mdomo wake haukuwahi kuupata.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Manyunyu yalikuwa yakitushukia na hakutaka kuondoka.

"Shemeji," akasema, hanitazami, "ile mashine inaweza kumpima mtu ambaye bado hajaanza?"

Miaka yote nimemdhani domo tupu. Mtu anaogopa. Alikuwa anapiga kelele ili ajisikie kwamba bado yumo. Nilimwambia aje kila wiki, na kwamba akija aje na kelele zake.

Mei 9

Manyunyu tu. Dari imezibwa na kijana wa shemeji.

Mei 15

Nimechoka na tone. Ningeweza kuita fundi mwingine, lakini kumwita fundi bomba katika nyumba hii ni kumzika mwenye nyumba akiwa hai.

Nilichukua spana kwenye sanduku lake, nikamtia mkononi. "Shika." Akaishika, na vidole vikajipanga vyenyewe mahali pake. Nikamwongoza hadi nje. "Funga koki kubwa." Akafunga. Tukarudi jikoni. "Fungua hii." Akafungua, mizunguko mitatu ya haraka, laini, kama zamani. Nikaona nimesimama sijui linalofuata.

"Kinachofuata nini, Fundi?"

"Kimpira."

Kimpira! Neno la kazi, limetoka kinywani mwake bila kigugumizi. Nilikitafuta sandukuni. "Hiki?" "Kidogo zaidi." "Hiki?" "Hicho." Kila alipomaliza jambo alisimama, spana mkononi, akangoja. Weka. Kaza. Kaza tena. Mimi nilikuwa kutaka, yeye alikuwa kuweza, na kwa muda ule tulikuwa fundi mmoja mzima.

Koki ikanyamaza. Nikampigia makofi, mjinga mimi. Alikuwa bado amesimama na spana. Nikakumbuka. "Weka chini, Fundi. Umemaliza." Akaweka.

Nikakumbuka pia kwamba mimi ndiye niliyeilegeza.

Mei 17

Nyumba haina sauti yoyote sasa. Nilidhani nitapumzika.

Mei 23

Leo jua limetoka tangu asubuhi, jua kamili, na watu wameanika magodoro kila ukuta. Msimu umekwisha. Nilimwambia atoke, akatoka. Nilimwambia akae kwenye benchi la nje, akakaa, uso juani, hajui kufumba macho mpaka nikamwambia afumbe.

Nikarudi ndani. Nikapika chai, ile nzito anayoipenda, au aliyokuwa akiipenda, sijui tena ni ipi sahihi. Nikaibeba mwenyewe. Nikaiweka mbele yake kwenye kibao kilicho kando ya benchi.

"Nimeshindwa," nikasema.

Alifumbua macho. Akaitazama chai, akanitazama mimi. Nilimngoja. Jirani alipita na ndoo, akatusalimu, akaenda, akachota, akarudi, na mimi nimesimama palepale. Chai ikaanza kuacha kutoa moshi.

Basi nikameza mate, na fahari yangu yote pamoja nayo.

"Sema, 'Keti basi.'"

"Keti basi," akasema.

Lile jina sikumtajia. Nilimwachia nafasi yake aliweke mwenyewe. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, nami niliitazama ile midomo kwa muda mrefu. Haikusogea.

Nikaketi. "Kunywa," nikamwambia, akanywa. Nikanywa na mimi. Jua lilikuwa zuri na bega lake lilikuwa na joto.

Kesho nitamtajia na jina.